Kuchapa, Kukwaruza au Kugandamiza? Uhakiki wa Istilahi za Seli za Jua za Utando wa Silikoni

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki tafsiri moja ya Kiswahili iliyoletwa ofisini kwetu ili ikaguliwe kabla ya kutolewa kwa walimu wa ufundi na wakaguzi wa bidhaa. Tafsiri hiyo inaeleza namna ya kutia vilele na mabonde madogo sana juu ya uso wa kioo, plastiki au chuma, ambao juu yake hujengwa seli za jua za silikoni nyembamba. Jina la mfasiri na la idara iliyompa kazi hatutayataja, maana nia yetu si kumshtaki mtu bali kupima maneno. Mfasiri huyo ana Kiswahili kizuri, sentensi zake zinasomeka bila taabu, na mahali pengi amekataa kukopa neno la kigeni pale ambapo Kiswahili kilikuwa na lake. Kwa sababu hiyo hasa kazi yake inastahili kuhakikiwa. Tafsiri mbovu hujikataa yenyewe, lakini tafsiri nzuri yenye istilahi zisizo sahihi huaminiwa, ikanakiliwa, na makosa yake yakawa desturi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini Baraza lishughulike na seli za namna hii, ilhali paneli nyingi zinazouzwa leo ni za fuwele nene za silikoni, na viwanda kadhaa vya silikoni nyembamba vilifungwa au kuuzwa baada ya mwaka 2010 bei ya fuwele iliposhuka. Jibu ni kwamba seli hizi si ngeni kwetu. Vikokotoo vinavyotumia mwanga, vilivyoenea tangu miaka ya 1980, vingi vilikuwa na seli za namna hii. Na katika miaka ya 1990 kaya nyingi za vijijini nchini Kenya zilinunua paneli ndogo za silikoni nyembamba kwa ajili ya taa, redio na televisheni. Aidha, ufundi wa kugandamiza sura juu ya uso haukuishia katika seli hizo; maneno tutakayoyachagua yatahitajika pia katika fani nyingine zinazotumia ufundi huohuo. Hapana budi basi yachaguliwe vema.

Jambo lenyewe

Istilahi haiwezi kuhakikiwa kabla kitu chenyewe hakijaeleweka. Tukieleze kwa ufupi.

Seli ya jua ya kawaida hukatwa kutoka katika pande la fuwele ya silikoni, na unene wake huzidi mikromita 100. Seli ya utando haikatwi. Gesi yenye silikoni na hidrojeni huvunjwavunjwa kwa nguvu za umeme ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, na silikoni hutua polepole juu ya kitu kilichowekwa humo, kwa joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Mwaka 1976, David Carlson na Christopher Wronski wa maabara ya kampuni ya RCA nchini Marekani walitangaza seli ya silikoni ya namna hii ambayo haikuwa na mpangilio wa fuwele. Ufanisi wake ulikuwa asilimia 2.4. Tangu hapo ufanisi uliongezeka, lakini unene ulibaki mdogo: nanomita 200 hadi 300 kwa silikoni isiyo na fuwele, na mikromita 1 hadi 3 hivi kwa silikoni ya vijifuwele.

Wembamba huo una faida na hasara. Faida ni kwamba malighafi inayotumika ni kidogo, na joto linalohitajika ni la chini kiasi kwamba hata baadhi ya plastiki hustahimili. Hasara ni kwamba mwanga mwekundu, na ule ulio ng'ambo ya mwekundu, hupenya utando na kutoka bila kufyonzwa. Dawa yake ni kuufanya uso usiwe laini. Mwanga ukigonga vilele na mabonde hutawanyika na kwenda mshazari, ukasafiri njia ndefu ndani ya utando. Ukifika mwisho hurudishwa, ukapita tena. Mwaka 1982 Eli Yablonovitch alionyesha kwa hesabu kwamba, katika silikoni, njia hiyo kwa wastani yaweza kufikia mara 50 hivi ya unene wenyewe. Mkulima aelewa jambo hili bila hesabu: shamba la mteremko lisilo na matuta hupitisha maji ya mvua upesi, na lenye matuta huyakawiza hata ardhi ikanywa.

Vilele hivyo vyaweza kujiotea vyenyewe. Oksidi ya zinki ikitandazwa kwa njia fulani juu ya kioo, huota piramidi ndogo. Lakini si kila kitu kinakubali kuoteshwa piramidi hizo. Hapo ndipo ufundi tunaouzungumzia unapoingia. Uso wenye piramidi nzuri huchukuliwa kuwa kiolezo. Juu yake humiminwa mpira laini, au hujengwa nikeli, nao ukibanduliwa huwa kalibu. Kisha vanishi majimaji hupakwa juu ya plastiki au chuma, kalibu hugandamizwa juu yake, mwanga wa urujuanimno huikausha vanishi hata iwe ngumu, na kalibu hubanduliwa. Piramidi zimekwisha kuhamishiwa mahali pasipoweza kuziotesha. Baada ya hapo hutandazwa fedha ya kurudisha mwanga, oksidi ya zinki, na hatimaye silikoni. Njia ya kugandamiza maumbo ya kiasi cha nanomita ilijulikana sana baada ya kazi ya Stephen Chou na wenzake iliyotangazwa nchini Marekani mwaka 1995. Na watafiti wa Neuchâtel, Uswisi, ni miongoni mwa waliofanya kazi kubwa ya kuitumia katika seli za silikoni nyembamba.

Baada ya maelezo hayo, sasa tuzitazame istilahi za mfasiri wetu moja baada ya moja.

Tabaka la chini

Kile kitu cha kioo, plastiki au chuma kinachopokea tabaka zote, mfasiri amekiita "tabaka la chini". Kwa mtazamo wa kwanza neno hili halina kosa. Lakini seli hizi zina miundo miwili. Katika muundo wa kwanza, mwanga huingia upande wa tabaka lililotandazwa mwisho. Hapo chuma au plastiki kweli iko chini. Katika muundo wa pili, silikoni hutandazwa juu ya kioo, kisha paneli hugeuzwa ili mwanga uingie kupitia kioo hichohicho. Paneli ikiwekwa juani, lile "tabaka la chini" ndilo lililo juu kabisa, likielekea mbinguni. Fundi atakayeambiwa asafishe vumbi kwenye tabaka la chini ataipindua paneli bure.

Kosa hapa ni kutaja mahali pa kitu badala ya kazi yake. Mahali hubadilika, kazi haibadiliki. Kazi ya kitu hiki ni kubeba. Tunapendekeza "kibebeo". Mbeleko ni mbeleko, mtoto awe mgongoni au kifuani. Neno "msingi" nalo limependekezwa na baadhi ya wenzetu, lakini lina dosari ileile, kwa kuwa hakuna msingi ulio juu ya nyumba. Tutahadhari pia kwamba istilahi ya Kiingereza iliyotafsiriwa hapa inatumiwa na wanabiolojia kwa dutu inayobadilishwa na kimeng'enya. Hiyo ni dhana nyingine kabisa, na neno "kibebeo" lisipelekwe huko.

Kuchapa

Kitendo cha kuhamisha sura kutoka katika kalibu hadi kwenye vanishi, mfasiri amekiita "kuchapa". Anayo hoja. Chapa katika Kiswahili si wino peke yake. Ng'ombe hupigwa chapa kwa chuma cha moto, na hakuna wino hapo. Hata hivyo, katika kazi za viwandani tendo la kuchapa limekwisha kupata maana ya kuweka kitu juu ya kitu kingine: wino juu ya karatasi, rangi juu ya kanga. Na katika viwanda vya seli za jua kuchapa kwa maana hiyo kupo kweli, kwa sababu nyaya nyembamba za fedha zinazoonekana juu ya seli za fuwele huchapwa kwa uji wa fedha unaopitishwa katika wavu. Kiwanda kimoja hakiwezi kuwa na neno moja kwa kazi mbili zisizofanana.

Ni vema kutofautisha vitendo vitatu. Kuchapa ni kuongeza kitu juu ya uso. Kuchonga na kukwaruza ni kuondoa kitu katika uso. Kitendo chetu hakiongezi wala hakiondoi, kinasogeza tu. Vanishi iliyokuwa bondeni inapanda kileleni, na kiasi chake ni kilekile. Wazee waliofunga barua kwa lakiri walikijua kitendo hiki: lakiri ikiwa laini, muhuri hugandamizwa, lakiri ikapoa na kushika sura ya muhuri. Mfano huu wafaa sana darasani. Hatupendekezi lakini kwamba istilahi iwe "kupiga muhuri", kwa kuwa muhuri anaoujua karani wa leo ni wa wino, nasi tutakuwa tumerudi kulekule tulikotoka.

Tunapendekeza "kugandamiza sura", na nomino yake "ugandamizaji wa sura". Tumekwisha kuambiwa kwamba neno hili linakaribiana mno na "ukandamizaji", ambalo ni dhuluma ya mtu kwa mtu. Hofu hiyo tunaiona ni ndogo. Wasikilizaji wa redio wamezoea kusikia habari za mgandamizo mdogo wa hewa wala hawadhani kwamba hewa imedhulumiwa. Sayansi imekwisha kulichukua umbo lenye "g", na siasa imebaki na lile lenye "k". Lugha yenyewe imekwisha kugawa. Sisi tufuate mgawo huo.

Mikwaruzo

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Ule uso wenye vilele na mabonde mfasiri ameuita "uso wenye mikwaruzo". Bila shaka aliona kwamba uso usio laini hukwaruza mkono, akatumia neno la karibu. Lakini tukumbuke tafsiri hii inaandikiwa nani. Mkaguzi wa bidhaa ana fomu, na katika orodha za kasoro za vioo na paneli mkwaruzo ni kasoro. Mkaguzi huyo akisoma katika maelezo kwamba kioo kina mikwaruzo, ana njia mbili tu: ama akatae bidhaa iliyo nzima, ama ajizoeze kuamini kwamba mikwaruzo ya paneli ni kitu kizuri na kupitisha bidhaa iliyoharibika. Njia zote mbili zinamdhuru mwananchi atakayelipia paneli hiyo.

Tena mkwaruzo ni kitu kilichotokea kwa bahati mbaya, na uso huu umepangwa. Hata ukali wa mabonde yake hupimwa. Imeonekana kwamba mabonde makali yenye umbo la herufi V huisumbua silikoni ya vijifuwele inapoota. Huzaa nyufa ndani ya utando, na volteji ya seli ikapungua. Watafiti wa Neuchâtel waliyalainisha mabonde hayo yakawa na umbo la U, na seli zikawa bora. Maana yake ni kwamba sura inayoupendeza mwanga sana yaweza isiipendeze silikoni, na kazi ya fundi ni kusuluhisha kati ya hizo mbili. Neno lisiloweza kubeba habari ya V na U halitoshi.

Maneno mengine tuliyoyapima ni haya. "Nakshi" ni neno zuri, lakini nakshi ni pambo linalotazamwa na macho, na vilele hivi havionekani kwa macho wala havikuwekwa kwa ajili ya kupendeza. "Umbile" ni pana mno. Paneli nzima ina umbile. "Matuta" yamependeza wengi, nasi tumeyatumia hapo juu kuwa mfano, lakini tuta ni refu kama mstari, na vilele vingi vya seli hizi ni piramidi.

Tunapendekeza "sura ya uso". Walimu wa jiografia wamezoea kusema "sura ya nchi" wakimaanisha milima, mabonde na tambarare kwa jumla. Neno hilo ni la jinsi, na chini yake yapo ya aina: milima, mabonde, tambarare. Vivyo hivyo, "sura ya uso" itakuwa neno la jinsi, na chini yake tutasema piramidi, matuta au vishimo, kwa kadiri ya kitu kilichopo. Hapo fundi ataweza kusema: sura ya uso ni ya piramidi, na mabonde yake yamelainishwa. Sentensi hiyo haiwezekani kabisa kwa neno "mikwaruzo".

Kiolezo na kalibu

Mfasiri ametumia neno "kalibu" kwa vitu viwili: kile cha kwanza chenye piramidi, na kile cha pili kinachogandamizwa juu ya vanishi. "Kalibu" ni neno la wafua vyuma, nasi tunampongeza kwa kulifufua badala ya kuandika neno la kukopa. Lakini vitu hivyo viwili ni kinyume cha kimoja na kingine. Penye kilele katika cha kwanza pana shimo katika cha pili. Vanishi ikigandamizwa na cha pili hupata vilele vile vya asili. Ikigandamizwa na nakala iliyotolewa tena kutoka katika cha pili, hupata mashimo. Kwa hiyo mwanafunzi lazima ahesabu ni mara ngapi sura imegeuzwa, na hawezi kuhesabu ikiwa kila hatua inaitwa kalibu. Kitu cha kwanza kiitwe "kiolezo", kama mafundi wengine wanavyokwisha kusema. Cha pili kiitwe "kalibu". Kitokacho ndani ya kalibu kiitwe "nakala".

Silikoni mbili

Tatizo hili hakulianzisha mfasiri, alilikuta. Elementi inayotengenezewa seli huitwa silikoni. Mpira laini unaotengenezewa kalibu ni dutu nyingine, yenye minyororo ya silikoni na oksijeni. Kiingereza huitofautisha na elementi kwa herufi moja tu ya mwisho, na Kiswahili cha sokoni kimeziunganisha. Katika tafsiri hii dutu zote mbili zimeandikwa "silikoni", wakati mwingine ndani ya aya moja. Kwa hiyo msomaji anaambiwa kwamba silikoni inagandamizwa juu ya kibebeo, halafu inabanduliwa, halafu inatandazwa juu yake. Atauliza: kwa nini iliondolewa ikiwa itarudishwa?

Kuiandika ya pili "silikone" ni hatua nzuri kwa macho, lakini haitoshi kwa masikio, hasa pale mwalimu anaposoma kwa sauti. Tunapendekeza isiandikwe kamwe peke yake. Iwe "mpira wa silikone" siku zote, nayo elementi ibaki "silikoni".

Isiyo na umbo

Hatimaye, silikoni ya Carlson na Wronski imeitwa "silikoni isiyo na umbo". Tafsiri hii imefuata mizizi ya Kigiriki iliyomo katika neno la Kiingereza, ikaacha dhana. Kinachokosekana si umbo. Ni mpangilio wa fuwele, ambao ndani yake kila atomu hukaa mahali pake kwa utaratibu unaojirudia. Zaidi ya hayo, aina hii ya silikoni hupungukiwa na nguvu inapopigwa na jua katika miezi ya mwanzo, jambo lililoelezwa na Staebler na Wronski mwaka 1977, kisha upungufu huo hutulia. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba paneli yake haina umbo, akaiona nguvu yake inashuka, atajua mara moja la kusema: ameuziwa kitu kibovu. Neno "fuwele" limekwisha kuzoeleka shuleni. Tuseme "silikoni isiyo na fuwele", na ile nyingine "silikoni ya vijifuwele". Maneno hayo mawili yakikaa pamoja yanaelezana.

Yaliyo mema

Si haki kumaliza bila kutaja mazuri. Mfasiri amekataa "filamu", ambayo kwa wananchi ni sinema, akatumia "utando", neno ambalo kila aliyeacha maziwa yapoe amekwisha kuliona. Amesema "kunasa mwanga" kwa ule ufundi wa kuuzuia mwanga usitoke. Kwa kuwa tumekwisha kunasa sauti, hakuna sababu ya kutonasa mwanga. Ametumia "urujuanimno" bila kusita. Maneno haya tunashauri yakubaliwe kama yalivyo.

Hitimisho

Ukitazama makosa yote sita utaona chanzo chake ni kimoja. Mfasiri alitafuta neno la Kiswahili linalokaribiana na neno la Kiingereza, badala ya kutafuta neno linalokaribiana na kitu. Kamusi haiwezi kumwonyesha kwamba paneli hupinduliwa, kwamba kalibu hugeuza sura, au kwamba mkaguzi ana fomu ya kasoro. Hayo huonekana kwa kuuliza kazi inavyofanyika. Tunashauri idara zinazotoa kazi za namna hii zimpe mfasiri, pamoja na matini, fundi mmoja wa kumwuliza maswali.

Mapendekezo yetu kwa ufupi ni haya:

1. Kibebeo, badala ya tabaka la chini.
2. Kugandamiza sura, ugandamizaji wa sura, badala ya kuchapa.
3. Sura ya uso, badala ya mikwaruzo. Na chini yake piramidi, matuta, vishimo.
4. Kiolezo, kalibu, nakala, kwa mpangilio huo.
5. Silikoni kwa elementi. Mpira wa silikone kwa dutu ya kalibu.
6. Silikoni isiyo na fuwele. Silikoni ya vijifuwele.

Haya ni mapendekezo, wala si maneno yaliyokwisha kusanifishwa. Walimu wa ufundi, wafasiri na maofisa wa ukaguzi wanaombwa wayajaribu katika kazi zao na kutuarifu ni yapi yamekubalika masikioni na yapi yamekataliwa. Jambo la haraka zaidi ni la tatu. Hayo mengine yaweza kungoja mjadala, lakini neno "mikwaruzo" tunaomba liondolewe katika maelezo hayo kabla hayajamfikia mkaguzi.